Viboko wa Ng'ambo: Matembezi kwenye Delta ya Ruzizi

Mkaaji wa Rugenge hahitaji tiketi ili amwone kiboko. Kartié hiyo, kama nyingine za mji wa Uvira, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na jua likishazama mnyama mwenyewe hutoka majini akitafuta nyasi popote zilipo: kando ya bustani za mboga, nyuma ya nyumba zilizojengwa karibu na maji, hata barabarani. Akina mama wanaochota maji, watoto wanaooga, wavuvi wanaovuta mitumbwi mchangani, wote wanajua kwamba pwani ina saa zake. Wapo waliouawa. Ndiyo maana mtu wa Uvira akisikia kwamba kuna wageni wanaolipa pesa ili wapelekwe kwa kiboko, hucheka kwanza.

Ila kiboko anayekutana na mtu gizani si sawa na kiboko aliye kwake. Kumwona mchana, ametulia na jamii yake kwenye bwawa lenye matete pande zote, kunahitaji safari fupi ya kuelekea mashariki. Delta ya mto Ruzizi iko kati ya Uvira na Bujumbura, miji miwili ambayo barabara yao haifiki kilomita 30. Mtu hupita posti ya mpaka ya Kavimvira, akaonyesha karatasi zake, akaingia Gatumba upande wa Burundi, kisha akaendelea hadi karibu na daraja la mto. Huko ndiko kwenye mlango wa mbuga ambayo Warundi huiandika Rusizi, Mbuga ya Taifa ya Rusizi. Mpaka huo hufungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya vita, kwa hiyo swali la kwanza la msafiri ni kama njia iko wazi siku hiyo. Ikiwa wazi, ni safari ya asubuhi moja, na jioni mtu analala kwake.

Delta yenyewe inaanzia pale mto unapochoka. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, ukateremka kwa fujo kwenye magenge ya Bukavu na Kamanyola, ambako maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi ya Kwanza na ya Pili. Ukifika kwenye bonde tambarare unapoteza haraka. Unapinda huku, unapinda kule, na karibu na ziwa, kwenye mwinuko wa mita 770 na kitu, unagawanyika matawi mawili: Ruzizi Kubwa upande wa mashariki, ndani ya Burundi, na Ruzizi Ndogo upande wa magharibi, kuelekea Kongo. Udongo ulioubeba kwa zaidi ya kilomita 100 unaubwaga hapo. Kila mafuriko makubwa yanapopita, mto unaweza kukata pindo lake la zamani na kujichimbia njia mpya, na pindo lililoachwa linabaki bwawa. Mabwawa haya yaliyosahauliwa na mto ndiyo moyo wa mbuga, maana maji yake hayakimbii, matete huyazunguka yakawa ukuta, na samaki, ndege na viboko hupata mahali pasipo na mkondo.

Mgeni hupewa mwongozaji, kwa miguu au kwa mtumbwi, kulingana na maji ya msimu. Kitu cha kwanza kinachomshangaza ni urefu wa matete. Humzidi mtu kimo mara mbili na zaidi, na ndani yake hakuna anachoona ila njia nyembamba zilizokanyagwa. Njia hizo ni za viboko, na ukitazama vizuri ni mbili kwa moja: miguu ya kushoto na ya kulia imechimba mifereji miwili, katikati kukabaki tuta la majani. Mwongozaji akiona njia mbichi yenye maji yaliyotibuka husimama. Kiboko aliye nchi kavu akikuta mtu amesimama kati yake na maji hachagui. Hupita palepale alipokusudia kupita. Wengi wanaojeruhiwa na mnyama huyu, Burundi na Kongo, walikuwa wamesimama njiani bila kujua.

Ndani ya maji ni kiumbe kingine. Kwa kweli kiboko haogelei sana. Hutembea chini kabisa, akisukuma matope kwa vidole vyake vinne vya kila mguu, kisha huchomoza kupumua baada ya dakika tano hivi. Dume mzima hupita kilo 1,500 bila shida, na bado ngozi yake ni dhaifu mbele ya jua, hukauka na kupasuka. Ndiyo sababu anashinda majini. Ngozi hiyo hutoa majimaji mekundu ambayo watu wa zamani waliyadhani ni jasho la damu. Wanakemia wa Japani walipoyachunguza waliona kwamba rangi zake huzuia miale ya jua na kupunguza bakteria. Usiku hula nyasi kilo 40 hivi, akarudi, akajisaidia majini.

Hilo la mwisho si jambo la kuchekesha tu. Kwenye mto Mara wa Kenya watafiti walikadiria, katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa mto huo na vijito vyake huingiza majini tani 36 za kinyesi kila siku. Nyasi iliyoota nchi kavu inakuwa chakula cha wadudu wa majini, wadudu wanaliwa na samaki, samaki wanaliwa na ndege na watu. Maji yakipungua, mambo hugeuka: kinyesi hurundikana, hewa ya oksijeni ndani ya bwawa huisha, na mvua ya kwanza ikisukuma maji hayo mabovu mtoni samaki hufa kwa wingi. Kwa hiyo bwawa la viboko linahitaji mto ulio hai pembeni yake. Bwawa lililokatwa kabisa na mto, au mto ulionyonywa na mifereji ya mashamba, huwa shimo la uvundo. Mwongozaji mzuri humwonyesha mgeni mabwawa yote mawili, lenye maji yanayopumua na lenye maji ya kijani yasiyo na ndege hata mmoja, na mgeni huelewa bila mhadhara.

Mamba nao wapo, na hapa lazima jina moja litajwe, kwa sababu hakuna mwongozaji anayeachwa amalize bila kuulizwa: Gustave. Alipewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi kwa miaka mingi na kumfuatilia mamba huyo kwenye Ruzizi na pwani ya Tanganyika. Urefu wake ulikisiwa kupita mita sita. Watu aliowaua wametajwa hadi 300, hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha, maana kila aliyepotelea majini alihesabiwa kwa Gustave. Filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa mwaka 2004 ilifuata jaribio la kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma. Hakuingia. Miaka mitatu baadaye Hollywood ikatengeneza sinema iliyochochewa na habari zake, na mto wa watu wa Gatumba ukajulikana na watu wasioweza kuuonyesha kwenye ramani.

Simulizi hiyo imeleta wageni. Imeleta hasara pia. Kila mamba sasa ni Gustave mdogo, na watu wanaojua habari za jitu moja hawajui kwamba mamba jike hulinda mayai yake kwa miezi mitatu hivi, kwamba joto la kiota ndilo linaloamua kama watoto watakuwa wa kiume au wa kike, na kwamba wanapoanguliwa mama huwabeba mdomoni, kati ya meno yaleyale, hadi majini. Mchanga wa kutagia ni haba kwenye delta. Unaogombewa na mamba unagombewa pia na wachimba mchanga wa ujenzi, na ndege mmoja ambaye wapenda ndege husafiri kutoka Ulaya kumtafuta.

Ndege huyo ana mdomo usio wa kawaida: taya la chini ni refu kuliko la juu, jekundu kama karoti. Huruka sawia na maji, taya la chini likichora mstari juu ya bwawa, na likigusa samaki mdogo hufungika. Hutaga mayai yake juu ya mchanga mtupu, bila kiota cha maana, katika majira ya ukame visiwa vya mchanga vinapochomoza. Maji yakipanda ghafla mayai huondoka. Makundi yake hupumzika kwenye fukwe za delta pamoja na shakwe na buabua, wote wameelekeza midomo upande unaotoka upepo.

Hao ni wageni wachache kati ya wengi. Mwari hutua kwa uzito wake wote. Mnandi hukausha mabawa. Furukombe hulia juu ya mti mkavu, sauti ambayo kila mvuvi wa Tanganyika anaijua. Korongo taji, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao, hutembea kwenye nyasi fupi za kando. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa duniani kuwa ndege aliye hatarini kutoweka, hasa kwa kupoteza vinamasi na kwa kukamatwa akiwa kinda ili auzwe. Kuanzia Oktoba huongezeka sululu na mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Mbayuwayu hulala kwenye matete kwa makundi makubwa, na matete yanayoonekana hayana kazi ndiyo hoteli yao.

Juu zaidi, mbali na ziwa, mbuga ina sehemu ya pili ambayo wageni wengi huiruka: msitu wa mikoche kwenye bonde kavu la Ruzizi. Si ardhi ya maji, na hapa itoshe kusema kwamba ni mahali pazuri na moto mno saa sita mchana.

Sheria ya Burundi iliyoweka msingi wa mbuga na hifadhi zake ni ya mwaka 1980. Mwaka 2002 delta na sehemu ya kaskazini ya pwani ya ziwa ziliandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar, mapatano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu yaliyotiwa saini mwaka 1971 kwenye mji wa Iran wenye jina hilo. Leo usimamizi uko kwa ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira, OBPE. Karatasi zipo, basi. Ila karatasi zinaishia mpakani, na maji hayaishii hapo.

Swali la maji haya yanakwenda wapi ni la zamani kuliko mpaka. Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile, na walitumaini kwamba Ruzizi hutoka ziwani kwenda kaskazini. Wana wa mtawala wa Uvira waliwaambia kinyume chake: mto unaingia. Burton hakupata nafasi ya kwenda kujionea, kwa sababu wapiga makasia wake walikataa katakata kusonga mbele, wakiwaogopa watu wa huko mbele. Ilibidi ipite miaka 13. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliutazama mdomo wa Ruzizi kwa macho yao, wakaona maji yanamiminika ndani ya ziwa, na Tanganyika ikafutwa kwenye hesabu za Nile. Wenyeji wa Uvira walikuwa wameshalijibu swali hilo bure.

Kuna jambo ambalo wote hao hawakulijua. Mto wenyewe ni kijana. Zamani maji ya bonde la Kivu yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia, Kivu ikajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita ikafurika kusini, ndipo Ruzizi ya leo ikazaliwa. Tanganyika kwa upande wake inahesabiwa miaka milioni 9 hadi 12. Kijana huyo alimletea mzee chumvi za volkano zilizobadili maji yake, na hadi leo sehemu kubwa ya madini yanayoingia Tanganyika hupitia kwenye mdomo huu wa matope.

Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mtu anaweza kudhani kwamba bwawa la matete pembeni yake ni kitu kidogo sana. Hesabu ya samaki inasema vingine. Kaskazini mwa ziwa, chini ya mita 100 hivi maji hayana oksijeni. Ni giza lisilo na samaki. Uhai wote umejibana kwenye tabaka la juu na kwenye ukingo. Ukingo wenye maji mafupi, majani na chakula ni haba, kwa sababu sehemu kubwa ya pwani ya Tanganyika ni mawe yanayozama wima. Delta ni mojawapo ya sehemu chache pana zenye kina kifupi. Kambale na tilapia huzaliana kwenye mabwawa yake. Watoto wa lumbu, ndugu wa ndagala, hukulia karibu na pwani kabla ya kwenda maji makuu.

Lumbu huyo ana historia inayowagusa watu wa Kivu yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa enzi ya Wabelgiji waliwachukua samaki wachanga kutoka kaskazini mwa Tanganyika na kuwamwaga Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kuishi katikati ya maji. Walistawi. Sambaza zinazouzwa leo sokoni Bukavu na Goma ni uzao wao. Uvira kumebaki kituo cha utafiti wa maji kilichorithi kazi ya enzi hiyo, CRH, ambacho wanasayansi wake Wakongo wameendelea kupima maji na kuhesabu samaki katika miaka ambayo mishahara na amani vyote vilikuwa haba.

Kazi nyingine ya matete haionekani kwa macho ya mgeni. Mvua inaponyesha kwenye milima iliyokatwa miti, mito huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba kwenye pwani ya Tanganyika mahali penye udongo mwingi wa namna hiyo pana aina chache za samaki na viumbe wengine kuliko mahali pa maji safi, kwa sababu udongo hufunika mawe, chakula na mayai. Matete hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyopunguza mwendo huachia udongo wake. Sehemu ya mzigo wa Ruzizi hubaki hapo badala ya kwenda kuwafunika samaki.

Sasa mtu arudishe macho Uvira. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira hushuka kutoka milima ya Itombwe moja kwa moja hadi ziwani, na kila mmoja ulijijengea zamani delta yake ndogo. Mji umejengwa juu ya delta hizo. Hakuna tena matete ya kupunguza mwendo wa maji. Kuna kuta, vyoo, maduka na barabara. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika ilipita katikati ya nyumba, ikaua watu, ikavunja madaraja na kuwaacha makumi ya maelfu bila makao. Siku zilezile Ruzizi nayo ilifurika Gatumba. Mito ile ilitafuta nafasi ya kusambaa ikakuta watu wamelala.

Ziwa lenyewe halikukaa kimya. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutoka, mto Lukuga karibu na Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, linapanda. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliikuta imezibwa na mafunjo na matope, ziwa likiwa linaongezeka. Muda mfupi baadaye kizuizi kikavunjika na maji yakaanza kuteremka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Lilipanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu 2020 limepanda mara ya tatu kwa kiwango cha kukumbukwa: Kalundu, bandari ya Uvira, iliingiwa na maji, mitaa ya Gatumba ikawa ya kupita kwa mtumbwi, na kwenye mbuga mabwawa mengi yakaungana na ziwa yakawa kitu kimoja.

Hapo ndipo mkasa wa viboko wa Uvira unapoeleweka. Nyasi walizokuwa wakila ziliingia chini ya maji. Mbele yao kuna ziwa, nyuma yao mashamba ya mpunga, miwa ya Kiliba, ng'ombe, barabara na nyumba. Mnyama ambaye zamani angerudi nyuma hatua mia, akakuta nyasi nyingine, leo anakuta uzio wa mtu. Watu walitoroka maji wakaenda kujenga palepale kwenye ardhi ya juu aliyoihitaji yeye. Kusema kwamba viboko wamevamia mji ni kusema nusu ya habari.

Upande wa Ruzizi Ndogo, wa Kongo, hakuna mbuga. Msitu wa milimani juu ya Uvira una hifadhi yake ya Itombwe, iliyotangazwa mwaka 2006, lakini matete ya chini yameachiwa jembe na mtego. Anayemlaumu mkulima wa huko angefaa kwanza akumbuke bei ya mchele na miaka ya vita. Kwenye mbuga ya Virunga, ambayo ina walinzi, bajeti na jina kubwa duniani, viboko walikuwa 29,000 hivi katikati ya miaka ya 1970. Kufikia 2003 walibaki 1,300 hivi, wengine wote wakiwa wamekuwa nyama ya wanajeshi, waasi na wafanyabiashara. Waliporudi kuongezeka kidogo, Aprili 2025 kimeta kikaua viboko wapatao 50 kwenye mto Ishasha, kusini mwa Ziwa Edward, mizoga ikaelea. Kama Virunga imeteseka hivyo, delta isiyo na mlinzi hata mmoja upande wake wa magharibi haiwezi kuishi kwa bahati tu.

Mahali pengine watu wamepata njia. Kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, wavuvi walimchukia korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu. Waliamini kwamba ukimwona asubuhi hutapata samaki siku hiyo, na walimuua. Leo baadhi ya wavuvi hao na watoto wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta, na siku akionekana ndiyo siku ya pesa. Kenya nayo ilitenga kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, kuwa mbuga ya taifa mwaka 1974, eneo la kilomita za mraba tatu hivi tu, kwa ajili ya nzohe, swala anayejificha ndani ya maji. Ni mbuga ndogo, na mtu huizunguka kwa miguu, akipanda minara ya mbao kuchungulia. Ukubwa si sharti.

Kwa anayetaka kwenda Ruzizi, wakati mzuri ni alfajiri au baada ya saa tisa alasiri. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, fukwe za mchanga huonekana na njia ni kavu. Msimu wa mvua ndege wa Ulaya wapo lakini matope nayo yapo. Nguo za rangi tulivu, kofia, dawa ya mbu, na darubini kama ipo ya kuazima. Mtumbwi ukikaribia viboko, mwongozaji ndiye anayesema, abiria hasimami kupiga picha. Mtoto mdogo aachwe nyumbani kama hawezi kunyamaza kwa nusu saa. Na ada ilipwe langoni, stakabadhi ichukuliwe.

Mataifa manne ya ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, yalitia saini mkataba wa pamoja wa kulitunza Dar es Salaam mwezi wa Juni 2003, na mamlaka yao ya pamoja ina makao Bujumbura, mwendo wa saa moja kutoka Rugenge njia ikiwa nzuri. Chini ya Ramsar pia kuna utaratibu wa ardhi oevu ya nchi mbili, na Kongo si mgeni nao. Mwaka 2008 iliandikisha Ngiri-Tumba-Maindombe, zaidi ya hekta milioni 6.5 za misitu ya maji na maziwa magharibi mwa nchi, kisha eneo hilo likaunganishwa na lile la jirani yake wa Brazzaville ng'ambo ya mto. Kwa Ruzizi, Burundi ilishaleta nusu yake mwaka 2002. Ombi la nusu ya pili lazima litoke Kinshasa, na mstari wake, popote utakapochorwa kuanzia Kavimvira kwenda Kiliba, utapita kwenye mashamba ya mpunga yenye wenyewe, ambao hadi hapo watakuwa wanataka kujua watalipwa nini na nani.